Bulaimu, Mzibuaji wa Mabomba

Mwaka wa 1953, ungemuuliza mtu yeyote wa Kasongo ni nani anayejua kuzibua bomba la maji machafu, angekuelekeza kwenye kambi ya wafanyakazi na kukwambia: mwulizie Bulaimu. Alikuwa mrefu, mwembamba, si mtu wa maneno mengi, na mikono yake ilinukia sabuni saa zote, maana aliiosha kupita kiasi. Wenzake walimtania kwamba Mwislamu huyu anatawadha mara kumi kwa siku. Yeye alicheka tu. Alijua mikono hiyo ilikotoka.

Kwao kulikuwa Wamaza, upande wa Kabambare. Baba yake alifariki na kumwachia mama watoto wawili: Bulaimu wa miaka kumi na miwili, na Subira, aliyekuwa bado anatambaa. Mama alikwenda shambani tangu alfajiri, na Bulaimu akabaki na mtoto. Alimbeba mgongoni akiteka maji, alimbeba akitwanga mihogo mpaka wavulana wenzake wakamcheka, alimbeba akienda kujifunza Kurani kwa mwalimu. Subira alijifunza kutembea akishika kanzu ya kaka yake, si nguo ya mama.

Alipokuwa kijana alichukuliwa kazi ya barabara, na barabara ile ikamfikisha Kasongo. Huko akaingia kwenye ujenzi wa misheni, na fureri mmoja, yaani bruda wa misheni, Mzungu mzee mwenye ndevu za rangi ya tumbaku, akamfundisha kulaza mabomba ya udongo wa kuchoma. Fureri alisema maneno machache, lakini aliyarudia mpaka yakaingia. Kila hatua moja ya bomba, teremsha vidole viwili. Ukipunguza, maji yanalala. Ukizidisha, maji yanakimbia na kuuacha uchafu nyuma. Bulaimu alishangaa kwamba hata maji ya kumwaga yanataka adabu yake.

Nyumba za Wazungu zilikuwa zimepangwa kwenye mteremko, kumi na mbili kwa jumla, kila moja na tangi lake juu ya mnara wa matofali. Kila asubuhi wafungwa walipanda na ndoo kuyajaza matangi yale. Maji yakishatumika jikoni na bafuni yaliingia katika bomba moja, yakateremka chini ya bustani hadi kwenye shimo lililojazwa mawe, yakanywewa na ardhi. Hivyo ndivyo ilivyotakiwa. Lakini mabomba yalikuwa membamba, na haukupita mwezi bila nyumba moja au nyingine kuziba. Maji ya kuoshea vyungu yalirudi juu, bafu likajaa, bustani ikanuka, na Madamu, mke wa Mzungu, akapiga kelele. Kabla ya Bulaimu waliletwa watu na vyuma virefu. Walichokoa kwa nguvu, wakapasua udongo, na kesho yake ikabidi kufukua ukuta hadi bustani.

Bulaimu hakutumia chuma. Alitumia kamba ya porini, ile ya kusukia viti, ambayo inapinda bila kukatika. Aliifunga kulabu ndogo mwishoni. Na hakuanzia jikoni, alianzia chini. Njiani mwa bomba kulikuwa na visima vidogo vyenye vifuniko, na yeye alivifunua kimoja kimoja akipanda. Kisima kikavu, hewa. Kinachofuata juu yake kimejaa? Basi adui yuko katikati ya hivi viwili. Aliingiza kamba taratibu, akiizungusha, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza siri, mpaka akasikia lile guno la maji yanayopata njia.

Baada ya miaka miwili ya kuzibua alichoka na kuzibua. Alimwendea mkubwa wa kazi, Mbelgiji ambaye watu walimwita Bwana Mapema kwa sababu saa kumi na moja alfajiri alikuwa tayari amevaa viatu. Akamwonyesha kipande cha kitu cheupe, kigumu, kama mshumaa.

"Hii ni nini?" aliuliza Bwana Mapema.

"Mafuta ya jikoni, Bwana. Yakiwa moto ni maji. Yakipoa ndani ya bomba yanakuwa hivi. Kuzibua peke yake ni kazi bure. Tuyakamate mbele ya bomba."

Akamweleza. Nje ya kila jiko wafukie nusu ya pipa, na katikati yake wasimamishe ubao usiogusa chini. Mafuta yataelea na kubaki upande wa kwanza, maji yatapita chini ya ubao na kwenda zake. Kila Jumamosi mpishi ayakwangue mafuta na kuyazika pamoja na majivu. Kwenye mdomo wa sinki waweke chujio la kusuka, mifupa na mabaki ya wali visipite. Bwana Mapema alikuna shingo, akasema wajaribu kwenye nyumba moja. Mwaka ulipokwisha nyumba zote kumi na mbili zilikuwa na mapipa, na majira yote ya mvua hakuna bafu lililojaa. Bwana Mapema akamwambia Bulaimu mbele ya kapita, msimamizi wa wafanyakazi, na mafundi wengine kwamba ataandika jina lake lipelekwe Kindu kwa wakubwa, afanywe kapita wa mabomba na apewe nyumba ya matofali. Bulaimu hakulala vizuri wiki ile, kwa furaha.

Sasa katika nyumba ya Bwana Mapema mpishi alikuwa Moustapha, mume wa Subira.

Kazi ile Moustapha aliipata kwa mdomo wa Bulaimu. Alikuwa mtu wa Nyangwe, mtanashati, mwenye ulimi mtamu, na alijua kukaanga kuku mpaka Wazungu wakasahau kwao. Lakini aliona kazi ya kukwangua mafuta kwenye pipa inamshusha. "Mimi ni mupishi," alisema, "si mutu wa mavi." Jumamosi zikapita pipa halijaguswa. Bulaimu alimwonya kwa upole mara ya kwanza, mara ya pili. Mara ya tatu hakusema kitu. Alichukua kijiko kirefu na ndoo ya majivu, akapita nyuma ya nyumba wakati Bwana yuko ofisini, akakwangua mwenyewe. Tangu hapo ikawa desturi. Alifikiri: nikimshitaki bwashemeji yangu atafukuzwa, na wana wa dada yangu watakula nini? Ndoo moja ya mafuta haitaniua.

Mwezi wa kumi na moja ikatangazwa kwamba mkubwa kutoka Kindu atakuja kukagua kazi, na atakula na kulala kwa Bwana Mapema. Jiko zima likahangaika. Subira aliitwa kusaidia kunyonyoa kuku na kuosha vyombo. Siku moja kabla ya mgeni kufika, Moustapha aliona chujio linachelewesha maji, akaling'oa na kulitupa kando. Vyombo vilikuwa mlima. Katika haraka ile servieti moja ya mezani, ya kitambaa kizito chenye herufi za jina la Madamu wa Bwana Mapema zilizotariziwa, ikabaki ndani ya sufuria ya mchuzi, na Moustapha akaimwaga yote kwa mpigo, pamoja na mfupa wa paja la mbuzi. Servieti ikanyonywa na tundu la sinki. Akajaribu kuivuta, ikamponyoka. Alifunua pipa nje, akaona imekwama chini ya ubao. Akaisukuma kwa mti mpaka ikapita upande wa pili na kuzama ndani ya bomba. Kisha akajipangusa mikono.

Subira alikuwa amesimama mlangoni na kuku mkononi. Aliona yote.

"Nyamaza," Moustapha alimwambia. "Maji itaisukuma."

Jioni ile ile, jua halijatua, Bulaimu alipita na ndoo yake ya majivu. Alitaka pipa liwe safi kabla ya mgeni. Alikuta mafuta machache, akayatoa. Akalikuta chujio limetupwa majanini, akalirudisha mahali pake. Akamsalimia Subira, akambeba kidogo mtoto wake wa mwisho, akaenda zake. Subira hakumwambia neno.

Kesho yake mgeni alifika na vumbi la safari, akataka kuoga kabla ya chakula. Jikoni Moustapha alikuwa anamwaga maji ya kuchemshia viazi. Mkubwa wa Kindu amesimama bafuni, sabuni mwilini, anasikia miguu yake inapata joto. Anatazama chini. Maji ya kijivu yanapanda, yana maganda ya vitunguu, yana mafuta, yamefika vifundoni.

Yule mkubwa alitoka na taulo, uso mwekundu kama pilipili, na kelele zake zilisikika hadi barabarani.

Bulaimu aliitwa mbio. Alikuja na kamba yake, akafunua visima, akapata palipoziba, akaizungusha. Kulabu ikashika kitu kizito. Alivuta polepole mbele ya Bwana Mapema, Madamu, mgeni aliyekuwa sasa amevaa, kapita, askari wawili, na wapishi wa nyumba za jirani waliokuja kutazama. Kikatoka kitambaa, kimejiviringisha kwenye mfupa, kimepakwa mafuta kama mtoto mchanga. Bulaimu alikikung'uta. Herufi za Madamu zikaonekana.

"Servieti yangu," Madamu alisema.

"Imefikaje humo?" Bwana Mapema aliuliza. Hakumwuliza mtu fulani. Alitazama nyuso zote.

Moustapha alikuwa amevaa eproni nyeupe, iliyopigwa pasi. Akasogea mbele.

"Bwana, mimi sitaki kusema, kwani ni shemeji yangu. Lakini uongo haufai. Jana huyu alikuja hapa nyuma, Bwana ukiwa ofisini. Niliona anafungua pipa. Nilimwuliza, akanijibu: bomba ikikaa bila kuziba, Wazungu watasahau kazi yangu."

Bulaimu alidhani hakusikia sawasawa. Aligeuza kichwa kumtazama Moustapha, akitafuta kama kuna mzaha. Hakuuona.

"Ulikuja jana?" Bwana Mapema alimwuliza.

"Nilikuja, Bwana. Kukwangua mafuta."

"Kukwangua ni kazi ya mpishi. Kwa nini wewe?"

Hapo ndipo Bulaimu aliposita. Si kwa muda mrefu, pumzi mbili tatu. Katika pumzi hizo aliwaona watoto watatu wa dada yake wamekaa nje ya nyumba isiyo na moto wa jikoni. Alipofungua mdomo kusema, "Kwa sababu yeye hakwangui, Bwana," macho ya Bwana Mapema yalikuwa yameshafunga shauri.

Lakini Bulaimu hakuogopa bado. Kwa maana nyuma ya wapishi alikuwa amesimama Subira. Alimwelekeza kidole, karibu atabasamu.

"Dada yangu alikuwa hapa mchana kutwa. Mwulizeni yeye. Atasema."

Bwana Mapema akamgeukia. "Wewe mwanamke. Kaka yako alikuja hapa jana?"

Subira alikuwa ameshika pindo la kitenge kwa mikono miwili. Alimtazama mume wake. Akatazama chini.

"Ndiyo, Bwana. Alikuja."

"Alifungua pipa?"

"Alifungua."

Wote wakangoja kama ana zaidi. Bulaimu aliingoja ile zaidi kuliko wote. Mdomo wa dada yake ulitikisika, kisha ukafungwa, na akaondoka kwenda kumwangalia mtoto aliyekuwa halii.

Bulaimu alihukumiwa kifungo cha miezi miwili. Jina lake halikupelekwa Kindu, na chumba chake kambini alipewa mtu mwingine.

Kule buloko, gerezani, mfungwa aliyelala mkekani karibu naye, mzee Musafiri aliyefungwa kwa kukataa kulima pamba ya lazima, alimwuliza amefanya nini. Bulaimu alieleza. Mzee alisikiliza hadi mwisho.

"Shemeji yako ni adui, basi, tumemjua," Musafiri alisema. "Lakini dada yako hakusema uongo."

"Hakusema," Bulaimu alikubali. "Angesema uongo ningeweza kumpinga."

Kazi yao ilikuwa ile ile ya wafungwa wote: kupandisha maji. Kila asubuhi Bulaimu alipanda mteremko na ndoo mbili, akajaza tangi la Bwana Mapema, tangi la nyumba ambayo yeye mwenyewe alijua kila kiungo cha bomba lake. Kutoka juu ya ngazi aliona mlango wa jiko. Moustapha hakutokeza kichwa. Wakati mwingine sauti ya Subira ilisikika ndani, na Bulaimu akamwaga maji haraka ili ateremke.

Siku za Ijumaa mama mmoja jirani wa kambini, Emilienne, Mkristo mwenye huruma, alimletea wali au sombe, mboga ya majani ya mihogo, kwenye bakuli lililofunikwa. Bulaimu alikula na kumwombea Mungu. Alijiambia: mtu baki ananilisha, na damu yangu imenisahau.

Mwezi wa pili nyumba zikaanza kunuka. Hakuna aliyekwangua mapipa. Wapishi walikuwa wanamwogopa Bulaimu zaidi ya agizo la Mzungu, na Bulaimu hakuwepo. Nyumba ya tatu iliziba, kisha ya saba, kisha ya Bwana Mapema. Akaletwa fundi mwenye chuma, akapasua bomba mahali pawili. Mwishoni Bwana Mapema alituma askari buloko.

Bulaimu aliletwa katika nguo za mfungwa. Alifunua pipa la nyuma ya jiko. Mafuta yalikuwa yamekuwa jiwe, unene wa kiganja na nusu, na ubao umezikwa ndani yake. Alikata kipande kwa jembe, akakiweka miguuni pa Bwana Mapema. Kilikuwa na tabaka, moja juu ya jingine, kama kuni iliyopasuliwa.

"Bwana ahesabu," Bulaimu alisema. "Kila wiki ina mstari wake. Hakuna Jumamosi hata moja aliyokwangua mpishi. Kabla ya kufungwa kwangu pipa hili lilikuwa safi. Nani alikuwa anakwangua?"

Bwana Mapema aliinama. Alitazama kwa muda, akagusa mistari kwa ncha ya fimbo. Kisha akatazama mlango wa jiko, ambako eproni nyeupe ilikuwa imeondoka ghafla. Bulaimu aliona kwamba ameelewa. Alingoja neno.

"Maliza kazi," Bwana Mapema alisema, akaingia ndani.

Siku ya nne baadaye Bulaimu alifunguliwa, zikiwa zimebaki siku kumi na moja za kifungo chake. Karani alimsomea karatasi: arudi kazini Jumatatu, kwa mshahara wa zamani. Juu ya servieti, juu ya nyumba ya matofali, karatasi haikuwa na kitu. Moustapha pia hakuguswa. Kuku wake walikuwa watamu mno.

"Niandikie kwamba nimekataa," Bulaimu alimwambia karani.

"Kaka, watu wanaitafuta kazi hii."

"Waipate."

Akiwa anafunga mzigo wake kwa Emilienne, Subira alikuja. Alikuwa peke yake, amejifunika kichwa mpaka kwenye nyusi. Emilienne akatoka nje kuwapisha.

"Yaya," Subira alisema. Ndivyo alivyomwita kaka yake mkubwa tangu utoto.

Bulaimu aliendelea kukaza kamba.

"Waliniuliza kama ulikuja. Ulikuja. Ningesema nini?"

"Ungesema ulichokiona."

"Angenifukuza. Watoto iko watatu, Yaya. Wewe uko mwanaume, unaweza kwenda popote. Nilifikiri watakukemea tu, basi. Sikujua ni buloko." Akafuta uso. "Chakula ya Ijumaa, ni mimi nilipika. Emilienne alileta tu. Nilimwomba asiseme."

Hapo Bulaimu aliacha kamba. Alikaa chini juu ya mzigo. Wiki saba alikuwa amemshukuru mwanamke wa watu, na huku alikuwa anakula mkononi mwa aliyemfunga.

"Ulijua njia ya buloko, basi," alisema. "Ulijua na bakuli ya kunitumia. Ni wewe mwenyewe tu hukujua kuja."

"Niliona haya."

"Na mimi nilipokuwa ninakubeba mgongoni, wenzangu wananicheka, nilikuwa sioni haya?"

Bulaimu alibeba mzigo kichwani, akapita karibu naye bila kumgusa, akaishika njia ya Kabambare kwa miguu.

Wamaza alipokelewa vizuri. Hakuna sinki huko, lakini maji machafu yako kila penye watu. Alikuta nyuma ya kila nyumba dimbwi jeusi la maji ya kuoshea vyombo, mbu wamejaa, watoto wanachezea humo. Akaanza kwa mama yake: alichimba shimo hatua kumi kutoka jikoni, upande wa chini wa mteremko na si wa juu, akalijaza mawe makubwa chini, madogo katikati, mchanga juu, na mdomoni akaweka kikapu cha majani makavu ya kubadilishwa kila wiki, yashike mafuta na makoko ya bugali. Jirani akaona, akataka. Baada ya miaka michache kulikuwa na mashimo ya Bulaimu hadi Kabambare penyewe, nyuma ya zahanati na nyuma ya msikiti. Alioa, akapata watoto. Akizungumza na watu hakumtaja dada yake, wala kwa ubaya wala kwa wema.

Mwaka wa 1959 binti wa kwanza wa Subira aliposwa. Kwao harusi haiendi bila mjomba, na mjomba alikuwa mmoja tu. Bulaimu alikwenda Kasongo. Alikaa mahali pa mjomba, akasema maneno ya mjomba, akampa binti baraka na mkeka mpya. Moustapha alimpa mkono, naye akaupokea, mbele ya watu, kama unavyopokea mkono wa mtu usiyemjua.

Watu walipotawanyika Subira alimfuata uani. Nywele zake zilikuwa zimeanza kupata mvi mbele. Akapiga magoti mavumbini, akasema yote, toka servieti hadi mdomo wake uliofungwa. Alisema jina la mume wake, alisema jina lake mwenyewe, hakuficha kitu. Alisema kwa sauti, na waliokuwa wanaosha masufuria wakaacha mikono majini kusikiliza.

Bulaimu alisikiliza hadi mwisho.

"Nimekusikia, Subira," alisema.

Hakusema amemsamehe. Alimshika mkono, akamwinua kutoka mavumbini, maana si vizuri mama wa bibi-arusi kukaa chini. Kisha akaenda kuwaaga wazee, na asubuhi akarudi Wamaza.